Vioo Vyeusi vya Jeep ya Kasereka

Jeep ya mume wangu ilinipita karibu kabisa, pale mtaa wa Bungulu, mchana kweupe... na hadi leo sijui kama alikuwa ndani.

Nina miaka arobaini na sita sasa. Wakati ule wa vita nilikuwa na thelathini, nikiuza vitenge Beni, mashariki mwa Kongo. Mume wangu, Kasereka, alisafirisha abiria na mizigo kutoka Butembo hadi Beni. Barabara ilijaa watu wa silaha, kila kundi na kizuizi chake. Walichungulia ndani ya magari, wakachagua sura za wafanyabiashara, wakawashusha. Wengine hawakurudi!

Hofu ndiyo iliyonipeleka kwa fundi wa kubandika fumé, ile plastiki nyeusi ya vioo. Alituonyesha vipande vitatu. Kasereka alitaka chenye weusi hafifu. Mimi nilipitisha mkono nyuma ya kila kimoja, nikachagua kile ambacho nyuma yake mkono wangu ulipotea kabisa.

"Mama Masika, batu batawaza kama nabeba maiti," alinitania.

"Bakuone, bakukamate?" nilimjibu. Akakubali.

Lakini alinikumbusha jambo moja. Madereva wa njia ile walikuwa na ishara yao ya mkono dirishani wakipishana: kiganja wazi, njia ni salama; ngumi, kuna hatari, geuza. Nyuma ya kioo kile, nani angeuona mkono wake? Nilimwambia atashusha kioo, basi.

Siku ile nilimngojea Bungulu, kando ya barabara. Kila alipofika alishusha kioo aniite. Nikaiona jeep, nikapunga mkono nikicheka... Kioo hakikushuka. Jeep ikapita kwa kasi. Nilichoona kiooni ni sura yangu mwenyewe!

Baadaye dereva mmoja alinieleza kwamba siku ile alipishana nayo Kalunguta, kwenye njia ya Butembo. Alitafuta mkono wa Kasereka, akaona mawingu tu kiooni. Angeona ngumi, si angetoa habari?

Ndugu zangu wasomaji, msimfiche mpendwa wenu hadi jirani naye ashindwe kumwona. Wenye silaha hawakuzuiwa na plastiki yangu. Waliozuiwa ni wale ambao wangemsaidia.

Jeep ilipatikana imeachwa porini, tupu. Kwenye kioo cha mlango wa nyuma, upande ule niliosimama mimi, fumé ilikuwa imekwanguliwa kwa kucha, kutoka ndani. Kitundu cha ukubwa wa jicho...

Ni jicho la nani lililoniona nikipunga mkono na kucheka?