Hedifoni ya Tatu

Kifuniko cha sufuria kilimponyoka mkononi, kikaanguka sakafuni, kikazunguka kama pia mpaka kikalala. Hakikutoa sauti yoyote.

Mkalimani alikikodolea macho. Ilikuwa saa nne asubuhi, jikoni kweupe, na masikioni hakuwa amevaa kitu. Aliwasikia kunguru wa nje. Bomba lililodondosha maji kwenye karai alilisikia. Akakiokota kifuniko, akakigonga mara tatu kwenye ukingo wa jiko. Mkono ulihisi mgongano. Sauti hakuna.

"Uchovu huu," alijiambia, akarudi mezani kwa sababu simu ilikuwa inaita.

Kazi yake ilikuwa kutafsiri kwa simu. Daktari yuko upande mmoja, mgonjwa asiyejua lugha ya daktari yuko upande wa pili, naye katikati akibeba maneno ya huyu kwa yule. Neno moja likipotea, mtu anaweza kumeza dawa isiyo yake. Sasa nyumba yenyewe haikuwa nyumba ya kazi hiyo. Walipakana ukuta na karakana ya milango ya chuma, na msumeno wa pale ulilia kutwa. Mumewe alikuwa mwokaji mikate. Aliondoka alfajiri, akarudi adhuhuri, akalala akikoroma mpaka pazia linacheza. Mama mkwe alikaa sebuleni na redio yake na maoni yake. Na alikuwepo binti yao wa miaka sita, waliyemwita Kasuku, maana tangu ajue neno la kwanza hajawahi kupumzika.

Msimamizi wake alipomwambia kwamba madaktari wanalalamika, alimwendea shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliyekuwa fundi simu. Shemeji akamletea hedifoni tatu zisizo na waya, za kuzima kelele.

"Kaa na kila moja wiki moja," alisema. "Itakayokufaa ibaki, nyingine nirudishie."

Ya kwanza ilikuwa nyepesi, hata alisahau kama ameivaa, lakini kipaza sauti chake kilikuwa mbea: daktari alisikia msumeno vizuri kuliko alivyomsikia yeye. Ya pili ilikuwa tamu kwa muziki, ngoma zinagonga hadi kifuani, ila ilibana kichwa na kuchemsha masikio. Baada ya simu tatu alikuwa anatokwa jasho kama mwenye homa. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, haina jina wala alama. Shemeji aliikuta chini ya boksi la mzigo na hakukumbuka kuiagiza.

Hiyo ya tatu haikuwa na mpinzani. Alipoivaa tu, dunia ilifunikwa. Chaji haikushuka. Wagonjwa walimwambia, "Dada, nakusikia kama umekaa kitandani kwangu." Kasoro yake ilikuwa moja, harufu. Sponji zake zilinuka kisima kilichofunikwa miaka mingi.

Mama mkwe hakuipenda. "Ipo siku nyumba itaungua nikuite usisikie. Sikio la kufa halisikii dawa, mwanangu."

"Mama, dawa ndiyo hii nimeivaa," alijibu akicheka.

Hedifoni zote tatu zilikuwa na sauti ya kumwambia zimewaka au zimeunganishwa. Zile mbili za kwanza ziliongea lugha ya kiwandani. Ya kijivu ilimsemesha kwa lugha aliyozaliwa nayo, kwa upole, kama mhudumu anayepokea oda: "Nini kingine?"

Akadhani ndivyo ilivyotengenezwa. "Huo msumeno," alisema, na mnong'ono uliokuwa umesalia wa msumeno ukakatika.

Kesho yake, "Nini kingine?"

"Vyombo vya jikoni."

Siku iliyofuata ikawa mkoromo wa mume. Siku nyingine, kwa utani, "Redio ya mama mkwe, na mama mkwe mwenyewe ukiweza."

Ndipo kifuniko kikaanguka.

Alipomaliza simu ile alivua hedifoni, akatoka, akazunguka hadi karakana. Fundi alikuwa ameinama juu ya chuma, cheche zinaruka kama mvua ya moto. Msumeno ulikata kimyakimya. Alisimama pale mpaka fundi akainua miwani na kumuuliza, "Vipi jirani, kuna tatizo?" Swali alilisikia. Msumeno, hapana.

Akarudi nyumbani mbio. Mama mkwe alikuwa mlangoni, midomo inakwenda, kidole kinaonyesha viatu alivyosahau kuvaa. Mkalimani alimtazama kinywa kikifunguka na kufungika, akasikia kunguru, akasikia mapigo ya moyo wake, na kwa yule mama aliyemlea kama mtoto wake tangu siku aliyoingia nyumba ile hakusikia hata pumzi.

"Mama," alinong'ona, "sema tena."

Midomo ikasema tena. Akakaa chini pale pale kizingitini.

Mumewe aliporudi na unga kwenye nyusi, Mkalimani alimsikia vizuri. "Hospitali watakuangalia masikio," alimwambia, akimshika mikono. Walikwenda siku hiyo hiyo. Daktari wa masikio alimfungia chumbani akampigia milio mikubwa na midogo, akasikia yote. "Una masikio ya paka," daktari alisema. Mkalimani akamwomba agonge kijiko kwenye kikombe. Daktari akagonga. Mkalimani akaanza kulia.

Hedifoni aliifungia kabatini, chini ya mashuka. Akarudia ile ya kwanza, ile mbea. Lakini asubuhi ya siku ya tatu, akiwa anapiga pasi, masikio matupu, harufu ya kisima ikaingia chumbani, na karibu na shingo yake, karibu kiasi kwamba nywele zilisogea, sauti ile ya upole ikauliza:

"Nini kingine?"

Hakujibu. Aliuma ulimi. Ikauliza tena alipokuwa akisuka nywele za Kasuku, ikauliza alipokuwa bafuni, ikauliza katikati ya simu huku mgonjwa akieleza kizunguzungu chake, na kila ilipouliza alikaza meno na kujiambia kwamba asiyetaja kitu hawezi kuchukuliwa kitu.

"Mume wangu," alinong'ona siku ile, "kipo humu ndani. Kinasubiri niseme."

"Basi usiseme," mumewe alinong'ona naye, kana kwamba kuna mtu ukutani. "Nyamaza tu mpaka tupate mtu wa kutusaidia."

Ijumaa mchana ilikuja simu ya mtoto aliyemeza mafuta ya taa. Mama wa mtoto alikuwa anapiga mayowe, daktari anauliza kiasi gani na saa ngapi, na Mkalimani ameinama juu ya meza, mkono mmoja umeziba sikio, akijaribu kutenganisha maneno na kilio, na hapo hapo Kasuku akaja akamvuta mkono wa blauzi, Mama, jino linacheza, Mama tazama, Mama limelala upande, Mama, Mama, Mama, na harufu ya kisima ilikuwa imejaa chumba kizima hata koo likawasha, na daktari akasema rudia sikusikia, na yeye akageuka akasema kwa ukali ambao hajawahi kuutumia kwa mtoto yule:

"Kasuku, hebu ninyamazie!"

"Nimesikia," ilisema ile sauti.

"Hapana," alisema. "Hapana, sisemi na wewe. Nilikuwa nasema na mwanangu. Sisemi na wewe!"

Kasuku alikuwa amerudi nyuma hatua mbili. Midomo ilikuwa inatetemeka, machozi yanashuka, kinywa wazi kabisa kama mtoto anayelia kwa nguvu zake zote. Chumba kilikuwa kimya.

Daktari simuni aliuliza, "Dada, upo?" Naye akajibu yupo, kwa sababu kulikuwa na mtoto mwingine upande wa pili mwenye mafuta tumboni, akatafsiri mpaka neno la mwisho huku amemkumbatia wake kifuani, akihisi kifua kidogo kikipanda na kushuka kwa kilio asichokisikia. Mtoto wa watu alipona.

Jioni shemeji alikuja na bisibisi. Alifungua ile hedifoni mezani, mbele ya wote. Akaigeuza upande wa taa.

"Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "hii haina betri. Haina waya hata mmoja. Ulikuwa unachaji nini?"

Ndani mlikuwa na tope jeusi, bichi.

Mama mkwe ndiye aliyemjua mtabibu. Alikuwa mwanamke mshona nguo wa mtaa wa pili, mwenye futi ya kupimia shingoni na pini kifuani, ambaye watu walimwendea kwa suruali zilizopasuka na, mara moja moja, kwa mambo mengine. Hakuja na madaha. Aliomba kiti, beseni la maji ya chumvi, na ubani kidogo, akamkalisha Mkalimani uani kwenye jua kali, akaanza kusoma taratibu sikioni mwake.

Mkalimani alisikia maneno matatu ya kwanza. Baada ya hapo kinywa chake kikachukuliwa. Alihisi ulimi ukienda bila yeye, baridi, una ladha ya maji yaliyolala.

"Mimi sikuvunja mlango," ulimi ulisema. "Niliuliza. Nilijibiwa."

"Alijibu asichokijua," mtabibu alisema. "Rudisha vya watu."

"Kila siku mnalalamika kelele. Nimewahudumia, sasa mnanisomea?"

"Rudisha."

Walibishana hadi jua likahama ukutani. Mumewe alimshikilia mabega. Yeye mwenyewe hakuweza chochote. Alikaa ndani ya mwili wake kama abiria, akisikia mambo yake yakijadiliwa, na hakuwa na ulimi wa kuombea. Mwisho kile kitu kikacheka kidogo, kikasema:

"Vitano nawarudishia. Kimoja nakipenda. Hicho naenda nacho."

"Kipi?" mtabibu aliuliza. "Kipi? Nijibu!"

Beseni likapasuka, na Mkalimani akausikia mpasuko wake mpaka kwenye meno. Msumeno wa jirani ukalipuka masikioni. Redio ikaanza kuimba sebuleni. Mama mkwe alikuwa anapiga kelele, "Mwanangu, unanisikia? Mwanangu!" na Mkalimani akajitupa miguuni kwake akicheka na kulia.

Halafu Kasuku akatoka mlangoni mbio, mikono wazi, na pengo mbele, jino lenyewe kalishika kwenye vidole. Kinywa kilikuwa kinasema. Kinasema sana, bila kupumzika.

Mama yake hakusikia kitu.

Mtabibu alirudi mara nne. Mara ya mwisho aliketi naye barazani, akavuta futi yake huku na huku. "Binti yako ana sauti yake, sisi sote tunaisikia," alisema. "Kilichochukuliwa ni upande wako. Sina nyuzi za kushona hapo, mwanangu. Nisamehe." Kisha akaongeza, akiangalia chini, "Ukimsikia popote, usiitikie."

Hakumwelewa siku ile.

Miezi ikapita. Walijifunza ishara, yeye na Kasuku: kidole kidevuni ni njaa, viganja viwili ni nakupenda. Kasuku alianza shule, akajua kuandika, akamjazia mama yake daftari zima la habari za walimu na panya wa darasani. Mumewe alimweleza sauti ya mtoto inavyobadilika, nayo ilibadilika kweli, meno mapya yalipoota.

Ilikuwa adhuhuri. Kasuku alikuwa amekaa mbele yake, anachora ng'ombe, midomo imefungwa, ulimi umetokeza kidogo pembeni kama kawaida yake akizama kwenye kazi. Na kutoka chumba cha nyuma, chumba cha mashuka na masanduku ambamo hapakuwa na mtu, Mkalimani akasikia:

"Mama? Mama, jino linacheza. Mama, njoo utazame."

Sauti yenyewe. Ya miaka sita, kabla ya pengo. Na harufu ya kisima ikitambaa chini ya mlango.

Hakuitikia. Hajawahi kuitikia mpaka leo. Mumewe alitaka wahame, mama mkwe akalia, shemeji akaleta gari la mizigo mlangoni. Yeye alikataa, na hakuwaeleza kwa nini. Kila adhuhuri, mumewe akishalala na Kasuku akiwa shuleni, huchukua kiti, hukiweka karibu na ule mlango uliofungwa kwa kufuli, huziba mdomo wake kwa viganja viwili, na husikiliza.