Kesi ya Boga la Usangi

Kionjeo hakikuwa na mdomo, lakini kilionja. Kilikuwa mkono mwembamba wa kioo uliopita juu ya maboga yaliyopangwa mezani, ukayatoboa moja moja kwa sindano nyembamba kuliko ya mbu, na papo hapo ukuta ukaonyesha yote: sukari, wanga, harufu, na ile rangi ya chungwa ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Kilipofika kwenye boga la mwisho, ukuta mzima ukawaka kijani.

"Weee!" Mgonja, fundi wa mitambo wa kituo cha mbegu, akapiga makofi. "Dakta, hili si boga, hili ni bi harusi!"

Jina likanasa palepale. Dakta Nakundwa Mshana yeye hakupiga makofi. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akalia machozi ya kweli, mpaka Mgonja akajifanya ana kazi nje.

Miaka mingi alikuwa ameshika mkasi wa jeni, kifaa kinachoingia ndani ya chembe ya mbegu, kikakata na kuunga urithi wake kama fundi cherehani anavyopunguza suruali. Mbegu zilizobadilishwa zilikwenda kwenye chumba cha misimu, ambamo taa na joto viliharakisha mambo hadi msimu mzima wa maboga ukapita kwa wiki mbili. Humo alikuwa ameshapata boga lenye vitamini tele, ila lilikuwa na ladha ya sabuni. Watoto walilitema. Wa kwanza kulitema alikuwa wa kwake mwenyewe, Nakijwa, mwenye miaka sita.

Na Nakijwa ndiye aliyekuwa na haja nalo kuliko wote. Jua likishazama, mtoto huyo alikuwa haoni. Alipapasa ukuta, akaita mama, akasimama hapohapo mpaka ashikwe mkono. Usangi ulikuwa umeshakuwa jiji, ghorofa juu ya ghorofa zimepanda mlima na kila nyumba ina baraza lenye udongo, lakini chakula kingi kilikuwa lishebonge, vibonge vya kiwandani vinavyojaza tumbo na kuacha macho na njaa. Matone ya vitamini ya kliniki yalifika yalipojisikia. Watoto wa namna ya Nakijwa walikuwa kila ngazi ya jiji.

Basi mbegu za Bi Harusi zikagawiwa, zikapandwa kwenye mabaraza, zikatambaa mpaka kwenye nguzo za taa. Siku ya kupika ilipofika, Nakijwa alionja kijiko kimoja, akakirudisha taratibu.

"Mama, haya ni maji."

Nakundwa akaonja. Kweli, chapwa. Akaonja la jirani, na la jirani wa jirani. Yote chapwa, rangi yake kama maji ya kuoshea karoti. Hofu ikamshika, maana kituoni boga lilelile lilikuwa asali.

Watu wa milima ya Upare wanataniwa tangu enzi kwamba wanapenda kesi kuliko chakula, na mimi leo sitawatetea. Bi Nanzia Mfinanga, mjane wa ngazi ya nne mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alilifunga boga lake mgongoni kwa kanga kama mtoto, akalipeleka Baraza la Jiji. Alishtaki kwamba kituo kimewapotezea msimu. Alitaka mbegu zote zirudishwe na mkasi usiguse tena maboga. Nakundwa alijua vizuri maana yake. Mkasi ukizimwa, Nakijwa atabaki kungoja matone.

Ukumbi ulifurika. Mwenyekiti, Mzee Eliamani Msuya, aliamuru kionjeo kiletwe. Kikatoboa boga la mlalamikaji, ukuta ukawa mwekundu.

"Jamani, hata mashine yake imelikataa!" Bi Nanzia akawageukia watu, wakaangua kicheko.

Nakundwa alijikaza. "Shikamoo, Bi Nanzia."

"Marahaba, mwanangu. Uliza, usiogope."

"Ulimwagilia?"

"Kila asubuhi."

"Mbolea?"

"Ile mliyotupa, na ya mbuzi nikaongeza."

"Kuna chochote ulichovuna kwenye mmea kabla boga halijaiva?"

"Kuvuna nini? Nimevuna boga, hilo hapo mbele yako."

Mashahidi wote wakajibu hivyohivyo, na hakuna aliyesema uongo. Nakundwa akaishiwa maswali. Mwenyekiti akasema kwanza watu wapate chakula, hukumu haitolewi na njaa.

Sahani zikaja, ugali na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, mapishi ya Bi Nanzia na majirani zake. Nakundwa alimega tonge, akachovya, akatafuna. Majani yalikuwa laini, matamu ajabu. Akaacha kutafuna.

"Bi Nanzia, majani haya yametoka wapi?"

"Maswali gani hayo! Si kwa huyo Bi Harusi wako? Nachuma vikonyo, ncha zake changa, tangu ana wiki tatu. Asubuhi vyangu, jioni jirani akiomba mboga namwambia chuma tu."

"Lakini umesema hukuvuna."

"Majani ni mboga, mama. Nani anavuna mboga?"

Ukumbi mzima ulikuwa unatafuna ushahidi. Jani ndilo jiko la mmea, ndilo linalopika sukari kwa mwanga wa jua na kuipeleka kwenye boga. Kwenye chumba cha misimu mikono ya chuma ililinda kila jani, na kibao mlangoni kilikataza mtu kugusa. Kibao hicho alikibandika Nakundwa mwenyewe. Na kila Jumamosi alikwenda kwa mama yake kuchuma majani ya maboga, akayala, wala asiyafikirie.

Mgonja akamnong'oneza, "Dakta, umeshinda! Waambie wasichume majani, kesi kwisha."

Alisimama, akayasema hayo. Yalikuwa kweli kabisa kisayansi.

"Tusichume?" Bi Nanzia hakupaza sauti safari hii. "Tangu mbegu iote mpaka boga liive, hapo katikati sisi tunatelemshia ugali na nini? Na kionjeo?"

Nakundwa alitazama sahani zile, kisha akamgeukia Mwenyekiti.

"Mheshimiwa, Bi Nanzia ameshinda. Kosa ni langu. Nimetengeneza boga la watu wasiokula majani, na watu hao siwajui. Naomba msinifungie kazi. Nipeni mwaka, na akina mama waje wachume kituoni kama wanavyochuma kwao."

Mzee Msuya alishauriana na wenzake. Akaridhia, ila kwa sharti kwamba majani yatakayochumwa ni mali ya wachumaji. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

Kibao kikang'olewa. Akina mama wakaingia kwenye chumba cha misimu na vikapu, wakachuma bila huruma, na mimea mizuri ya Nakundwa ikafa mbele ya macho yake. Iliyobaki ilizaa maji. Katikati ya mwaka huo Nakijwa alikosa ngazi wakati wa magharibi, akaanguka, akavunjika jino. Nakundwa alimbeba mpaka kliniki akijilaumu njia nzima. Angeshikilia tu kwamba watu wasichume majani, pengine mtoto angekuwa anakula boga tayari.

Hakuacha. Kwenye ghala la mbegu za kale alipata boga la kijivu lenye nundu, baya la sura, ambalo mmea wake ukikatwa kikonyo huchipua vitatu kwa hasira. Akachukua jeni za hasira hiyo, akaziunga kwa Bi Harusi. Majani yakazidi kasi ya vikapu. Kionjeo kilipoonja boga lake, ukuta haukuwa kijani. Ukawa njano.

"Si asali," Mgonja akakiri.

"Si maji pia," akasema Nakundwa.

Nakijwa alikula bakuli, akaomba la pili, akalikombea kwa kidole. Akala kesho yake, na wiki zilizofuata, kwa tui, kwa chumvi, na lililopoa.

Jioni moja jua likiwa limeshazama nyuma ya mlima, Nakundwa alikuwa jikoni anakoroga uji. Giza lilikuwa limeingia ndani. Akasikia mlango wa baraza unafunguliwa, akageuka, akanyoosha mkono kwenye swichi ya taa. Nje, Nakijwa alikuwa anachuma majani ya kesho, anachagua machanga, makavu anayaruka.

Nakundwa akaurudisha mkono wake, akasimama gizani akimwangalia.