Nati kwenye Mdomo wa Tabo

Kila Jumamosi, Kashindye alipomaliza kufua sare zake za shule, alivaa ovaroli iliyomzidi kimo na kukimbilia gereji ya baba yake, Mayala, pale Igoma. Kazi yake ilikuwa kumshikia baba tochi anapofanya kazi chini ya boneti. Alianza akiwa darasa la tatu, na kwa maoni yake hakukuwa na mtoto mwingine Mwanza nzima aliyestahili kuishika tochi ile.

Kisha akaja Paskazia. Alikuwa binti wa marehemu kaka yake baba, na alitoka Sengerema kuja kuishi nao na kusoma darasa la sita pamoja na Kashindye. Alikuwa mpole, mwepesi wa kujifunza na, baya zaidi, aliipenda gereji. Haukupita muda baba akawa anaita, "Paskazia, tochi!" Kashindye akabaki na ufagio. Wivu ukamwingia.

Jumamosi moja Dokta Byabato, daktari wa mifugo, alileta gari lake la zamani la mbio, la bluu, fupi na lenye kelele nyingi kuliko ukubwa wake. Kesho yake alitaka kulipeleka Bukoba kwenye harusi ya mdogo wake.

"Shikamoo, Dokta," watoto walimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mayala, gari limechoka! Nikikanyaga mafuta linahema tu. Kwenye kilima hata bajaji zinanipita."

Mayala akafungua boneti na kuwasha injini. Wote wakatega masikio.

"Baba mdogo, kuna kitu kinapiga mluzi huku chini," Paskazia akasema.

Mayala akapapasa mpira wa hewa, ule mnene unaoingiza hewa kwenye tabo, kifaa kinachozunguka kwa kasi na kuisukumia injini hewa. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka upande wa chini. "Masikio hayo!" akasifu. "Umesikia kabla yangu!" Kashindye naye alikuwa ameusikia mluzi ule, au angalau alijiambia hivyo.

Dokta akapanda bodaboda kwenda mjini kununua mpira mpya. Mayala akazima injini, akafungua nati, akaziweka kwenye kifuniko cha ndoo juu ya injini, akautoa mpira mbovu. Mdomo wa tabo ukabaki wazi.

Gereji ile ilikuwa na sheria. Mdomo wa tabo ukiwa wazi, lazima uzibwe kwa kitambaa chekundu ili kisiingie kitu. Injini haiwashwi mpaka kitambaa kitundikwe kwenye kioo cha pembeni, kila mtu akione. Aliyekiweka ndiye anayekitoa, na ndiye anayeulizwa likiharibika jambo.

"Leo kitambaa ni cha Paskazia," Mayala akasema, kisha akaenda kumsikiliza mteja mwingine. Paskazia akaziba mdomo wa tabo, akaenda kunawa mikono.

"Ngoja na yeye aonekane mzembe," Kashindye akanong'ona. Akakichomoa kitambaa. Lakini kiwiko chake kikagonga kile kifuniko, nati moja ikaruka na kutumbukia ndani ya tabo. Akaingiza kidole, asiifikie. Aliposikia hatua za Paskazia, akakirudisha kitambaa harakaharaka.

Dokta aliporudi na mpira, Mayala akahesabu nati zake. "Moja iko wapi?"

"Labda imeanguka chini," akasema Paskazia, akapiga magoti kwenye vumbi kuitafuta. Kashindye naye akainama, akajifanya anatafuta. Mwishowe Mayala akachukua nati nyingine kwenye akiba ya gereji. Paskazia akatoa kitambaa na kukitundika kwenye kioo. Mpira mpya ukafungwa, ukakazwa vizuri.

"Paskazia, ingia ndani," Mayala akasema. "Leo wewe ndiye utakayepiga stata."

Kashindye hakuwahi kupewa heshima hiyo. Wivu ukampanda, akamwangalia Paskazia kwa hasira. Paskazia alikuwa akifuta mikono kwenye gauni lake, mara mbili, asije akachafua usukani. Hapo Kashindye akaingiwa na hofu. Nati ikiivunja tabo, kila mtu atamgeukia huyu, kwa kuwa kitambaa kilikuwa chake.

"Usiwashe!" akapiga kelele. "Nati imo ndani ya tabo! Mimi ndiye niliyeidondosha!"

Mayala akarudi kwenye injini. Akafungua tena mpira, akaingiza sumaku yenye mpini mrefu, akaitoa nati. Dokta akashika kiuno, akatikisa kichwa.

"Nilitaka Paskazia agombezwe," Kashindye akasema huku akilia. "Namwonea wivu, baba. Siku hizi unamwita yeye tu."

"Unanionea wivu mimi?" Paskazia akashangaa. "Mimi ndiye ninayekuonea wivu wewe. Wewe ukiita 'baba', kuna mtu anageuka."

Kashindye akamsogelea. Akamshika mkono mwenzake, akamwomba radhi, kisha akamwomba radhi Dokta.

Mpira ulipofungwa tena, Paskazia akapiga stata. Injini ikanguruma, mluzi haukusikika. Dokta akazunguka mara moja barabarani, akarudi anatabasamu.

Mayala akawaita watoto wote wawili. "Kashindye, nilimpa mwenzako tochi kwa sababu wewe umekua, nilitaka uanze kushika spana. Sikukuambia, na hilo ni kosa langu. Lakini sasa spana utaisubiri mpaka likizo. Wivu wako ungevunja gari la mtu, ungeharibu jina la gereji, na ungemtia lawamani mtoto asiye na kosa. Siku nyingine moyo ukikuuma, njoo uniambie mimi. Mwenzako hajachukua nafasi yako, mwanangu. Humu ndani mna nafasi zenu wote."