Muhuri wa Mama Zoé

Kila asubuhi, kabla ya basi la shule kufika, Zoé aliosha vikombe vya chai huku mama yake, Généreuse, akipiga pasi shati lake la kazi. Ndege zilipita juu ya nyumba yao ya Euless, Texas, karibu na uwanja wa ndege, mpaka vijiko vikatetemeka, wala hakuna aliyeinua kichwa. Lakini Ijumaa hiyo pasi ilikuwa baridi. Mama alikuwa ameketi, shavu mkononi. Muhuri wake wa kazi ulikuwa haujaonekana tangu jana.

Muhuri huo haukuwa mchezo, jamani. Mama alikuwa mkaguzi wa vipuri, na kila kipuri alichokipima akakiona kizima alikigonga muhuri huo. Kampuni yao ilianza Houston ikitengeneza breki za treni. Ikakua, ikanunua karakana ya vipuri vya ndege hapa Euless, kisha ikachanganya wafanyakazi wa matawi yote mawili. Desturi zao hazikuchanganyika. Kule kwenye treni, wakaguzi wa meza moja walitumia muhuri mmoja. Huku kwenye ndege kila mkaguzi alikuwa na wake wenye namba, na hakumwazima mtu. Ukipotea, vipuri vyote ulivyogonga vinazuiwa, na aliyehusika anaweza kufukuzwa.

"Ni Mogaka," alisema Mama.

Mogaka aliletwa kutoka Houston mwezi uliopita. Jumatano alimwomba Mama muhuri wake hivi hivi, kama mtu aombaye chumvi, naye akamkatalia. Na jana kwa nini alikuwa akiinamainama chini ya meza, kama anayeficha kitu? Zoé naye akaamini. Alikumbuka Mogaka alivyocheka kanisani, akaona hata kicheko kile kilikuwa cha mwizi. Mama akaapa kumtaja kwa msimamizi asubuhi hiyo hiyo.

Zoé akaenda kumletea koti. Alipolitungua nyuma ya mlango, kitu kigumu kikagonga mlango. Jana alikuwa amelivaa koti hilo shuleni bila ruhusa, akararua mfuko wake, akanyamaza. Akaingiza vidole kwenye tundu, na ndani ya bitana akaukuta muhuri.

Angeweza kuuangusha chini ya kochi na kujifanya ameuokota hapo jioni. Lakini kufikia wakati huo Mogaka angekwisha kuchafuliwa jina.

"Mama, mimi ndiye niliyerarua mfuko," alisema, machozi yakimtoka.

Mama akauchukua muhuri, akakumbuka. Kumbe Jumatano alirudi nao nyumbani mfukoni, jambo lililokatazwa. Akampigia Mogaka simu, akamweleza yote, hata alivyomdhania mwizi.

"Mama Zoé," Mogaka alijibu taratibu, "jana nilishinda chini ya meza nikikutafutia huo muhuri."

"Nisamehe," Mama alisema.

Siku hiyo alikiri kosa lake kwa msimamizi. Alipewa onyo la maandishi, na vipuri vilivyozuiwa tangu jana vikaruhusiwa kutoka. Jioni akakaa na Zoé, wakashona mfuko pamoja.

"Umefanya vema kusema kweli, ingawa umechelewa," alimwambia. "Mimi nimekosa zaidi. Kipuri kidogo sikigongi muhuri kabla ya kukipima. Lakini Mogaka, mtu mzima, nilimwita mwizi bila kumuuliza hata swali moja."