Kipo Huku, Mwanangu

Kitabu kilikuwa na joto. Mkutubi alikichomoa rafuni, kitabu cha mifupa ambacho hakijaazimwa tangu muhula uanze, kikamjia mkononi kama mkate uliotoka kuokwa. "Jua hilo," alijisemea, ingawa dirisha lilikuwa mbali.

Siku hizo vitabu vilihamahama. Cha damu kilikutwa kwenye sheria, cha moyo kwenye kilimo. Aliwalaumu wanafunzi, ambao mitihani ikikaribia huficha vitabu wenzao wasivipate. Lakini kila kilichohama kilinuka nywele zilizoungua.

Alasiri moja, mvua ikimwagika, alikuja binti wa marehemu dada yake, mwanafunzi wa uuguzi ambaye mkutubi alimlea mwenyewe.

"Mama mdogo, kile cha mishipa sikioni. Nikifeli tena, wananifukuza."

"Kompyuta inasema kipo. Subiri nimalize hapa, nikutafutie."

Binti hakusubiri, akaingia kati ya rafu. Mkutubi angali ameinama mezani, akasikia kutoka rafu za nyuma sauti ikiita kwa upole: "Kipo huku, mwanangu. Njoo."

Mkutubi akainua kichwa. Sauti ile ilikuwa yake.

"Nakuja, Mama mdogo," binti akaitika.

Akatoka mbio akikumba viti, na kadiri alivyokimbia ndivyo ujia wa rafu ulivyorefuka, na ile harufu ikamjaa puani, na taa zikafifia moja baada ya nyingine, na kule mbele binti alikuwa amenyoosha mkono apokee kitabu kutoka gizani, kitabu kilichoshikwa na vidole virefu kuliko kurasa zake, hata akamfikia, akamkumbatia kwa nyuma, wakaanguka wote wawili.

"Nani yule?" binti alinong'ona. "Ana uso wako."

"Usimtazame."

Kesho yake akaitwa mganga maktabani. Alisoma dua, akafukiza, akalowa jasho chapachapa. "Humu ametoka," alisema, akikusanya vitu vyake harakaharaka.

"Kaenda wapi?"

Mganga alikwepa macho yake. "Jini akishaitikiwa, mama, humfuata aliyemwitikia."

Jioni walikuwa jikoni nyumbani, binti akimenya vitunguu. Mlango wa chumba chake ukalia taratibu.

"Mwanangu," sauti ikaita kutoka humo, "leo husomi?"

Binti alifungua kinywa aitike kwa mazoea. Mkutubi akamziba kwa kiganja.

Sauti ikaita tena. Safari hii ilikuwa nyuma yao.