Pengwini Chini ya Gari la Igshaan

Foleni ya koesista, maandazi ya shira, kule mtaa wa Bo-Kaap Jumapili asubuhi haina adabu. Watu husukumana kwa viwiko huku wakisalimiana, na harufu ya shira ya moto huwapanda puani. Hapo ndipo Igshaan, dereva wa lori la mikate kutoka Worcester, alipomkanyaga mguu Nuraan, mshona mashati katika kiwanda cha Salt River. Nuraan alikitazama kiatu chake, kisha akamtazama mkanyagaji.

"Kaka, huo mguu bado nautumia."

Igshaan alimwachia nafasi yake kwenye foleni. Kabla koesista hazijaisha alikuwa na namba yake ya simu.

Miezi minane baadaye, Jumapili ya Desemba, alimpigia alfajiri.

"Vaa viatu vya mchangani, mpenzi. Mengine niachie mimi."

Hakumwambia waendako. Mfuko wa shati lake ulikuwa na pete iliyofungwa kwenye karatasi laini, na kichwani alikuwa na hotuba nzima kuhusu pengwini, ndege anayemrudia mwenzake yuleyule kila mwaka.

Waliondoka Hanover Park, kwao Nuraan, madirisha wazi. Nuraan alivaa gauni la kijani na kitambaa cha maua kilichopigana na upepo njia nzima. Alimlisha kababu na mayai ya kuchemsha huku akibahatisha: nyangumi? Samaki wa kukaanga? Kwa mama mkwe? Walicheka kutoka Muizenberg hadi Kalk Bay, bahari ikimeremeta ng'ambo ya reli. Barabara ilipoingia Simon's Town, Nuraan akaacha kutafuna.

Igshaan hakuliona hilo. Aliegesha karibu na ufuo, akazunguka kumfungulia mlango.

"Pengwini, mpenzi. Mamia."

"Nirudishe nyumbani."

Alidhani ni utani, mpaka akaelezwa. Bibi yake Nuraan, Galima, alizaliwa mji huu. Mwaka 1967 serikali ikasema mji ni wa Wazungu, na baadaye malori yakaja, familia ikamwagwa ng'ambo ya mlima. Nyumba ingalipo kule juu, imepakwa rangi ya buluu. Bibi aliapa mbele ya watoto wake wote kuhusu ufuo huu.

Nami naliandika hapa lisije likasahaulika: ndege hawa walihamia ufuo huu zaidi ya miaka kumi baada ya watu kufukuzwa. Wao walijengewa viota, wakazungushiwa uzio, wakawekewa askari wa kuwalinda. Siwachukii ndege. Nakumbuka tu nani alitangulia.

"Hayo si ya zamani, Nuraan?" Igshaan akasema. "Ndege wamekukosea nini?"

Nuraan alirudi garini, akafunga mlango na madirisha yote.

"Washa gari."

Igshaan akaingia, akawasha. Mlinzi wa magari akapiga boneti kwa kiganja, akamwuliza kama hajui kusoma. Kibao kilikuwa mbele yake: angalia chini ya gari. Igshaan akazima, akashuka, akainama. Nyuma ya gurudumu alisimama pengwini, manyoya yakimtoka mafungu mafungu kama godoro lililopasuka. Mlinzi akamweleza kwamba msimu huu ndege haingii majini wala hali kitu mpaka aote mapya. Asifukuzwe. Ataondoka atakapotaka.

Basi wakakaa, wawili wasiosemeshana, na pengwini, kama mwenye nyumba wao, kasimama chini ya gari. Simu ya Nuraan ikalia. Ilikuwa ya bibi.

"Mbona nasikia punda?"

"Si punda, bibi. Ni pengwini, ndivyo wanavyolia."

"Uko kwetu."

"Nisamehe. Tumejifungia garini, tunaondoka sasa hivi."

"Nani kakwambia uondoke?"

"Si uliapa hakuna wetu atakayekanyaga hapa?"

"Niliapa hakuna atakayekanyaga pale kama mgeni. Na wewe ndiyo kwanza umejifungia garini. Ugeni gani zaidi ya huo?"

Akamwagiza ashuke, alitafute jabali la mviringo ambapo yeye bibi aliwafundisha wadogo zake kupiga mbizi, alishike. Akauliza kama huyo wa mikate amekula. Akakata.

Igshaan alikuwa amesikia yote. "Baba yangu naye walimhamisha. Hakutuambia hata jina la mtaa. Nikadhani mambo hayo huisha yenyewe. Nilikosea."

"Muulize angali hai," Nuraan akasema, akamshika mkono.

Waliteremka viatu mkononi. Pengwini walipita kwa mstari, wakiruka mawe na kuangukia matumbo, na Nuraan akacheka mpaka kitambaa kikamtoka. Jabali alilipata. Alipoligusa kwa viganja viwili, Igshaan alitoa ile karatasi, sasa imelowa jasho.

"Nataka kukuoa. Nilikuwa na maneno mengi, yamenitoka."

"Ndoa tutafungia wapi?"

Akamjibu kwamba ni kwao Nuraan, bila shaka, Hanover Park. Nuraan akanyoosha kidole mlimani, kwenye msikiti ambao waliofukuzwa hawakuacha kuurudia kila Ijumaa kutoka mbali.

"Pale. Na wageni wetu wote waegeshe mtaa wa bibi, mpaka wenye nyumba wa leo watoke kuchungulia."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Nivishe kabla ndege hajaimeza."

Waliporudi, yule pengwini alikuwa anavuka barabara, polepole, manyoya yakipeperuka nyuma yake. Magari yalisimama pande zote mbili. Hakuna aliyepiga honi.

Nuraan aliinama akaangalia chini ya gari, mara mbili. Kisha akayatazama magari yaliyosimama, akaipigia barabara nzima mluzi.

"Siku ya arusi," akasema, "watatusubiri hivyohivyo."