Hukuwa Unaanguka

"Nani alikwambia unishike?"

"Ulikuwa unaanguka, Unyoya."

"Sikuwa naanguka! Nilishakamata chuma, ukaja na mikono yako mirefu ukaniharibia!"

Walikuwa kwenye korido nyuma ya ukumbi. Binti bado ana unga wa chaki viganjani, kijana amesimama kama aliyemwagiwa maji. Sheria ya jimnastiki haina huruma: mdakaji, yule anayesimama chini ya chuma cha kubembea kumlinda mchezaji, akimgusa katikati ya shindano, alama zinakatwa. Dhahabu ikaenda kwa mwingine.

"Nisikilize basi..."

"Nenda, Twiga. Nisikuone tena pembeni ya chuma changu. Nisikuone popote."

Twiga akaenda. Hakubishana, na kimya chake Unyoya akakihesabu kuwa ni kukiri kosa.

Jamani, hawa wawili walikuwa wametoka mbali. Unyoya alipelekwa ukumbini akiwa na mapengo ya meno ya utoto, mwepesi mpaka kocha akampa jina hilo. Siku ya kwanza kupandishwa kwenye boriti, ile mbao nyembamba ya kutembelea juu yake, alilia kamasi zikamtoka. Twiga, mtoto wa jirani, alimzidi miaka kidogo. Naye alikuja kujifunza, ila miguu iligoma kuacha kurefuka.

"Kwa urefu huo, mwanangu, wewe udake wenzako tu," kocha alimwambia.

Twiga ndiye aliyesimama chini ya boriti siku ile, akanyoosha mikono na kusema, "Ruka, nipo."

Unyoya akaruka. Kila alichojifunza baada ya hapo, alijifunza kwa maneno hayo mawili. Mapenzi yalikuja yenyewe, wakashtuka wameshazama. Mama yake Unyoya hakushtuka, na hakupenda.

"Mapenzi na ubingwa havilali chumba kimoja," alikuwa akisema huku akikunja nguo za mazoezi.

Baada ya ugomvi ule, kocha alileta mdakaji mwingine, mtu mzima asiye na maneno. Unyoya akafanya mazoezi kama aliyechokozwa. Viganja vilichubuka, vikapona, vikachubuka tena. Akashinda huku, akashinda kule. Jioni anarudi chumbani kwenye kambi ya mazoezi: kitanda kimoja, kiti kimoja, barafu kwenye kifundo cha mguu. Anashika simu.

"Twiga, leo nimeruka vizuri." Anafuta.

"Umekula?" Anafuta.

Ungemuuliza, angekwambia bado ana hasira. Hasira gani hiyo inayotaka kujua kama mtu amekula?

Ubingwa ulipokuja, ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Yeye akageuka pembeni ya chuma, kwa mazoea tu. Mdakaji mpya alikuwa anakunja taulo. Unyoya akalia, watu wakasema ni furaha.

Nyumbani sebule ilijaa ndugu. Mama aliunganisha simu yake na televisheni, akawa anaonyesha video za binti yake tangu yuko mdogo. Watu wanacheka, wanapiga vigelegele. Video moja ikaisha, nyingine ikaanza yenyewe. Mama akaruka kuizima, lakini kidole kikakosea.

Ilikuwa ya shindano la siku ile ya ugomvi wa korido, imerekodiwa kutoka ubavuni. Mkono wa kushoto ulikuwa umeachia chuma. Wa kulia ulishika kwa ncha za vidole. Kichwa kilikuwa chini, shingo ikielekea sakafuni, ng'ambo ya godoro. Kisha mikono mirefu ikaingia.

"Mungu wangu!" shangazi akapiga kelele. "Si angevunjika shingo mtoto huyu! Kijana gani huyo? Mlimshukuru kweli?"

Unyoya akamgeukia mama yake.

"Mama," Unyoya alisema. "Ulikuwa nayo siku zote?"

"Mwanangu, wageni..."

"Ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo." Mama aliketi. "Ningekuonyesha, ungemrudia. Ungemrudia, usingekuwa bingwa. Sema nadanganya."

Labda mama alisema kweli, na hilo ndilo lililouma zaidi. Unyoya alivua medali, akaiweka mapajani mwa mama yake, akatoka.

Ukumbi wa zamani ulinuka jasho na mpira, kama zamani. Twiga sasa alifundisha watoto wanaoanza. Walishaondoka, naye alikuwa anapanga magodoro. Alipomwona, alitia mikono mfukoni.

"Bingwa. Hongera."

"Nimeona video. Nilikuwa naanguka."

"Najua."

"Mbona hukunifuata ukaniambia?"

"Ungeniamini?"

Unyoya aliinamisha kichwa. "Hapana."

"Basi. Nilikuja kila shindano la hapa kwetu. Nakaa juu kabisa, mikono mfukoni hivi hivi, usije ukasema nimekugusa tena. Unajua ilivyo kumwangalia mtu wako anaruka, na wewe umekatazwa mikono?"

"Nisamehe, Twiga. Nimeshinda, sina hata wa kumwambia. Niliandika meseji nyingi, nikafuta zote."

"Zilisemaje?"

"Nyingi zilikuuliza kama umekula."

Kijana nusura acheke. Hakusogea. Unyoya aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mbele ya majaji, maana safari hii akikosa hakuna shindano la mwakani. Akapanda boriti ya watoto, fupi, inamfika magotini. Akampa Twiga mgongo, akafumba macho, akajiachia kinyumenyume.

Akatua kwenye godoro, puu!

Twiga alikuwa palepale, mikono mfukoni.

"Hukunidaka!"

"Hukuwa unaanguka. Umejirusha."

Unyoya alibaki chali anatazama dari. Miaka yote ile alikuwa akibishana na mtu pekee aliyejua tofauti ya hayo mawili.

"Na sasa?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Hapa nilipo, nimejirusha?"

Twiga alimtazama; machozi yalikuwa yanamteremka Unyoya hadi masikioni. Taratibu akatoa mikono mfukoni, akapiga magoti kando ya godoro.

"Hapana," alisema. "Hapa umeanguka. Nishike, nipo."